Barua ya Wazi: Nimechoka Kununua Jina la Duka Langu

Kwa wakuu wa ofisi za serikali zinazosimamia ushindani wa kibiashara, haki za wanunuzi na matangazo ya mtandaoni,
Nairobi.

Waheshimiwa,

MINTARAFU: MATANGAZO YA KULIPIWA KWENYE MITAMBO YA KUTAFUTA MTANDAONI KAMA GOOGLE, NA SISI WENYE TOVUTI NDOGO

Barua yangu ya kwanza niliwaletea kwa mkono. Ikapigwa muhuri dirishani, nikapewa nakala. Ya pili niliituma kwa barua pepe. Mara ya tatu nilikuja mwenyewe, nikaketi kwenye benchi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba, nikaambiwa faili iko mezani kwa mkubwa na mkubwa yuko semina Naivasha. Miezi kumi na minne imekatika. Sina ugomvi na yule dada wa dirishani. Amenipokea kwa heshima kila mara, na siku ile ya benchi alinipa hata chai. Lakini sikuja kunywa chai, na ndiyo sababu leo naandika mbele ya watu.

Mimi ni fundi na muuzaji wa spea za cherehani. Duka letu liko ghorofa ya pili, eneo la River Road, juu ya muuza mabegi. Baba alilifungua mwaka 1987 akiwa na meza moja, bisibisi tatu na chupa ya mafuta ya mashine. Mimi nilipoingia niliongeza tovuti. Hiyo ilikuwa 2013. Usiku nikishafunga duka nilikaa kwenye meza ileile ya baba, nikapiga picha za vyuma na kuandika kwa Kiswahili: kwa nini cherehani inaruka mishono, kwa nini uzi wa chini unajikunja na kufanya kiota nyuma ya kitambaa, sindano namba ngapi kwa jinzi na namba ngapi kwa shifoni. Kurasa mia moja na arobaini. Hakuna aliyenilipa. Lakini mafundi wa Uhuru Market na Gikomba walizisoma, wa Kakamega wakazisoma, wa Garissa pia, na simu zikaanza kulia: "Nimewaona kwa mtandao." Kuna miezi ambayo nusu ya mauzo yetu yalitoka kwa watu ambao hawajawahi kupanda ngazi zetu.

Sasa niwaeleze ya mama wa Mwingi.

Ilikuwa Januari, shule zinakaribia kufunguliwa. Mama huyu alipanda ngazi jioni, amebeba kitu kidogo kilichofungwa kwenye leso. Alikuwa ametoka kwao na basi la alfajiri. Nilimpa kiti, hakuketi.

"Mwanangu, zile pesa niliwatumia zilifika?"

"Pesa gani, mama?"

"Elfu mbili na mia nne. Za kikasha cha bobini. Mkaniletea hiki."

Akafungua leso. Kilikuwa kikasha cha bobini, kile kinachoshika uzi wa chini, lakini cha Butterfly, ile cherehani nyeusi ya kukanyaga iliyo katika kila kijiji. Mashine yake yeye ni Juki ya kiwandani, aliyoinunua kwa mkopo wa chama baada ya kupata kazi ya kushona sare za shule mbili. Kikasha cha moja hakiingii kwenye nyingine hata ukikipigia nyundo. Muuza spea yeyote angemuuliza swali moja kabla ya kupokea hata shilingi: mashine yako ni gani? Na kikasha chenyewe, hapa mjini, hakifiki hata mia nne.

Nilimwomba anionyeshe alivyotupata. Akatoa simu, skrini ina ufa pembeni, akaandika jina la duka letu herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye kibao chetu pale chini. Kilichokuja juu hakikuwa sisi. Lilikuwa tangazo la spea za cherehani Nairobi, piga simu sasa, na namba. La pili tangazo, soko kubwa la mtandaoni linalouza kuanzia friji hadi nepi. La tatu tangazo. La nne tangazo. Nikasukuma kwa kidole gumba. Ramani. Nikasukuma tena, ndipo tukatokea sisi, tovuti ya miaka zaidi ya kumi, chini ya watu wanne ambao mama hakuwatafuta.

"Kwani huyu wa juu si nyinyi?" akaniuliza.

Nilimwonyesha neno moja dogo la Kiingereza lililokuwa juu ya tangazo, linaloashiria kwamba limelipiwa. Mama anasoma Kikamba, na Kiswahili anakisoma kuliko mimi. Neno lile hakuwa ameliona. Nilipomweleza maana yake alifikiri kidogo, kisha akasema, "Wamelipia nini? Jina lenu?"

Ndiyo. Jina letu.

Nilimpa kikasha sahihi kwa bei niliyokinunulia, nikamsindikiza hadi stendi. Mtambo aliotumia sitautaja, wala yule tapeli, wala ofisi iliyokalia barua yangu. Mnajijua. Malalamiko yangu yanafuata.

1. Jina la biashara ya mtu linauzwa kwa asiye mwenyewe.

Wengi wanadhani anayetokea juu ndiye bora, au ndiye wa karibu. Sivyo. Kila mtu anapoandika maneno kwenye mtambo wa kutafuta, mnada unafanyika hapo hapo, kabla hujafunga jicho na kulifumbua. Waliojiandikisha kununua maneno hayo wana dau zao. Mtambo unapima dau pamoja na kiasi ambacho tangazo linaonekana kuhusiana na kilichoandikwa. Washindi wanapangwa juu. Pesa inakatwa mtu akibofya. Na miongoni mwa maneno yanayonadiwa yamo majina ya biashara za watu.

Hili si jambo la kificho. Kanuni za matangazo ya Google, zilizo wazi kwa kila mtu, haziwazuii watu kununua neno ambalo ni jina la mwingine. Kinachoweza kuzuiliwa ni jina lenyewe kuandikwa ndani ya tangazo, tena iwe ni alama ya biashara, yaani jina au nembo iliyosajiliwa kisheria ili mwingine asiitumie, na mwenyewe alalamike. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi kati ya Google na Louis Vuitton, kampuni ya mabegi ya kifahari, kuhusu jambo hilihili. Ikasema anayeuza maneno havunji alama ya biashara kwa kuyauza tu. Anayetangaza ndiye anaweza kuwa na kosa ikiwa msomaji wa kawaida hawezi kujua kwa urahisi bidhaa ni za nani. Louis Vuitton wana mawakili. Mimi nina cheti cha usajili wa jina la biashara, kimetundikwa kwenye fremu ya mbao, na cheti hicho si alama ya biashara. Hata ningekuwa na alama, tangazo alilobofya mama halikuandika jina letu popote. Lilijitokeza tu pale jina letu lilipotafutwa. Hapo ndipo penye ujanja wote.

Walio na umri wangu wanakikumbuka kitabu cha simu. Baba alilipia kisanduku cha tangazo kwenye kurasa za manjano, na wenye pesa kumzidi walilipia visanduku vikubwa zaidi. Hakuna aliyelalamika. Lakini aliyejua jina letu alifungua kwenye herufi yetu akatupata, na hakuna tajiri wa Nairobi aliyeweza kulipa ili namba yake ichapishwe mahali pa namba yetu. (Wapo waliojiita majina yanayoanza na A tatu mfululizo ili wawe wa kwanza. Huo ulikuwa ujanja, ila angalau ulikuwa wa majina yao wenyewe.) Sipingi kisanduku. Napinga kuuzwa kwa herufi yangu.

2. Tunalazimika kununua mlango wetu.

Baada ya Januari ile nilifanya kile ambacho kila mtu alinishauri. Nilinunua jina la duka langu. Mgala muue na haki yake mpe: kwa kuwa tovuti inaitwa jina hilohilo, mtambo ulinipa bei nafuu kuliko mgeni, kama shilingi tisa kwa kila anayebofya. Mwezi wa kwanza walibofya watu mia nne. Shilingi 3,600. Ongeza VAT ya asilimia 16, shilingi 576. Jumla 4,176, na watu hao mia nne ni wale waliokuwa wananitafuta mimi, kwa jina, ambao mwaka uliotangulia walinifikia bure.

Nikajaribu na maneno ya kawaida, "spea za cherehani Nairobi". Hayo yalikuwa shilingi 38 kwa kila kubofya. Katika watu kumi wanaobofya, mmoja hununua. Kikasha cha bobini kinaniachia faida ya shilingi sitini. Fanyeni hesabu: natumia 380 kupata 60. Soko kubwa la mtandaoni linaweza kubeba hasara ya aina hiyo kwa miaka, kwa sababu mteja aliyekuja kununua sindano kesho atauziwa televisheni. Mimi sina televisheni. Nina sindano.

Leseni ya kaunti nailipa mara moja kwa mwaka na risiti naiweka ukutani. Kodi ya chumba nailipa kila mwezi na mwenye nyumba namjua, akipandisha tunazungumza. Hii nyingine nailipa kila kidole kinapogusa kioo, bei yake inapandishwa na watu nisiowaona, na siku nikiacha kulipa jirani nisiyemjua anafungua mlango wangu na kusema karibu.

3. Alama inayotofautisha tangazo na jibu imefifishwa.

Hapa nitarudi nyuma kidogo, kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba ndivyo mtandao ulivyo. Haukuwa hivyo. Mwaka 1998 Marekani ulianzishwa mtambo ulioitwa GoTo.com, wa Bill Gross, ambao ndio ulioeneza biashara ya kuuza nafasi kwa mnada. Kando ya kila jina lililolipiwa uliandika kiasi ambacho mwenyewe amekubali kulipa, senti ngapi kwa kila kubofya, msomaji aone. Wengi waliucheka kwa kuuza majibu, lakini haukumficha mtu. Mwaka huohuo wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walieleza katika andiko lao kuhusu mtambo waliokuwa wakiujenga kwamba mitambo inayoishi kwa matangazo itaelemea upande wa wanaotangaza na kuwapa kisogo wanaotafuta. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2000, kampuni yao ilianza kuuza matangazo kwa watu wote.

Mnamo Juni 2002 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliziandikia kampuni za mitambo ya kutafuta kuzitaka zionyeshe waziwazi lipi limelipiwa na lipi halijalipiwa. Mwaka 2013 ikaandika tena, ikisema tofauti ilikuwa imezidi kufifia. Na ukitazama matangazo ya Google kwa miaka hiyo unaona walichokuwa wakisema. Mwanzoni yalikuwa na kivuli cha rangi nyuma yake, huwezi kukosea. Kivuli kikaondolewa, kikabaki kibandiko cha manjano. Mwaka 2016 kibandiko kikawa kijani, rangi ileile ya anwani iliyo kando yake. Mnamo Januari 2020, hata kwenye kompyuta, neno likawa jeusi tu, na watu wakapiga kelele kwamba tangazo na jibu sasa ni pacha. Mtu akikuonyesha kibao cha duka lake na kila baada ya miaka michache anakipaka rangi ya ukuta, utaelewa kwamba hataki kisomeke.

Na neno hilo dogo, kwa mama wa Mwingi na wengi kama yeye, linakuja kwa Kiingereza.

4. Simu ni ndogo.

Hili ni fupi. Hadi Februari 2016 Google ilikuwa na matangazo pembeni mwa ukurasa kwenye kompyuta. Yakaondolewa pembeni, na kwa utafutaji wenye harufu ya biashara yakaruhusiwa kufika manne juu. Kwenye kompyuta ya ofisini kwenu bado kunabaki nafasi. Wateja wangu hawana kompyuta. Wana simu, na matangazo manne kwenye simu ni kioo kizima.

5. Kurasa zetu zinakufa kimya.

Tangu mwaka juzi sijaandika ukurasa mpya. Si kwa hasira, ni hesabu tu: saa tatu za usiku kueleza namna ya kurekebisha mvuto wa uzi, halafu anayeusoma ukurasa afike kwangu kwa shilingi tisa? Rafiki yangu aliyekuwa na tovuti ya ratiba za mabasi ya usiku ameacha tovuti ife, jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, limeisha muda na hakulilipia tena. Dada mmoja wa Kariobangi aliyefundisha kushona kofia amehamia kuuza kwenye mitandao ya kijamii. Mtambo wa kutafuta unategemea walichoandika wengine. Kwa Kiswahili walioandika ni wachache tangu zamani. Siku sisi tukichoka, mtu wa Garissa akiuliza kwa nini cherehani yake inaruka mishono atajibiwa na nani? Na yule anayeuza friji na nepi?

Najua mtakachoniambia, kwa sababu mengine nimeshaambiwa kwenye ngazi za ofisi zenu.

Mtasema ule ni utapeli, nenda polisi. Nilienda, nina namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Polisi wanamtafuta mtu wa namba ya simu. Hawana uwezo wa kuuliza kwa nini mtu yule alikaribishwa kusimama mbele ya mlango wangu, wala ni nani aliyepokea pesa ili asimame pale. Hilo ni lenu.

Mtasema hakuna anayelazimishwa kubofya tangazo, ashuke chini. Basi niulize: kama nafasi ya juu haina maana, inalipiwa kwa nini? Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa mahakama ya Washington aliamua kwamba Google imelinda ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria. Katika kesi hiyo ilijulikana kwamba mwaka 2021 peke yake kampuni ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili mtambo wake uwe ndio unaofunguka wenyewe kwenye simu na vivinjari vya kampuni nyingine. Watu wangeweza kubadilisha wenyewe, kwa kugusa mara chache tu. Lakini kampuni inajua kuliko mimi na ninyi kwamba watu hawabadilishi, wanachukua kilicho mbele yao. Jaji huyohuyo aliona pia kwamba kampuni iliweza kupandisha bei ya matangazo ya maandishi bila kuogopa kwamba wanaotangaza watahamia kwingine. Wahamie wapi?

Mtasema matangazo ndiyo yanayofanya huduma iwe bure. Ni kweli, nami nimeitumia bure miaka yote hiyo, sitajifanya malaika. Sijaomba yafutwe. Anayetafuta "cherehani nzuri ya kuanzia kazi" hajaamua aende kwa nani. Matangazo yakimfikia, huo ni ushindani na mimi nitashindana. Aliyeandika jina langu ameshaamua.

Mtasema kampuni ziko ng'ambo, mkono wenu haufiki. Mkono wa kodi ulifika. Januari 2021 serikali ilianza kuzitoza kampuni za kidijitali za nje ushuru wa asilimia 1.5, na ushuru huo ulipoondolewa mwishoni mwa 2024 uliwekwa mwingine mahali pake. VAT kwenye tangazo langu mnaipata. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 yenyewe inasema inahusu pia mwenendo ulio nje ya Kenya wa mtu anayeleta bidhaa au huduma humu nchini, na inakataza kumpotosha mnunuzi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinalitaka Bunge litunge sheria ya kumlinda mnunuzi na kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na ya heshima. Sina digrii ya sheria. Nimesoma tu kilichoandikwa.

Na mtasema sisi ni nchi ndogo, mwenye nguvu mpishe. Afrika Kusini hawakupisha. Mnamo Julai 2023 Tume ya Ushindani ya nchi hiyo ilimaliza uchunguzi wake kuhusu masoko ya mtandaoni. Ikasema wazi kwamba matangazo ya kulipiwa yaliyojaa juu ya matokeo, bila alama ya kutosha ya kuyatambulisha, yanaongeza gharama ya kumpata mteja na kuwapendelea wakubwa, wengi wao wa kutoka nje. Google ikatakiwa iweke alama ya bendera kwa majukwaa ya kienyeji, njia ya kuyachuja, na sehemu ya kuyaonyesha yale madogo bila malipo, pamoja na salio la bure la kununulia matangazo, la thamani ya randi milioni 180, kwa ajili ya wadogo. Salio la matangazo, kwa maoni yangu, ni kumpa mtu samaki wa kumrudishia muuza samaki. Lakini ile sehemu ya bure na ile bendera ni mambo ya maana, na yamefanyika katika bara hili hili.

Ninachoomba, waheshimiwa, ni haya.

Kwanza, barua yangu yenye muhuri wenu ijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 21, na kama ni kukataa, sababu zitolewe. Kifungu cha 47 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi za serikali kwa haki na bila kuchelewa, hakisemi mwananchi asubiri mkubwa arudi semina.

Pili, fungueni uchunguzi wa soko la matangazo ya utafutaji hapa Kenya. Sheria inawapa uwezo huo bila kusubiri kesi ya mtu. Waiteni wenye maduka, waiteni mafundi, msiite kampuni na mawakili wao peke yao kwenye hoteli.

Tatu, mtu akitafuta jina kamili la biashara iliyosajiliwa Kenya, tovuti ya mwenye jina isishushwe chini ya tangazo la mwingine. Kama hilo mtaliona kubwa mno kwa mwanzo, basi tangazo la mwingine lililojitokeza kwa jina hilo liseme juu kabisa, kwa maandishi ya ukubwa uleule wa kichwa chake, kwamba huyu si yule uliyemtafuta, na litaje jina lililosajiliwa la aliyelipa.

Nne, alama ya tangazo iwe kwa Kiswahili kwa kila anayetumia simu Kenya, iwe na rangi nyuma yake kama zamani, na isibadilishwe kila wanapojisikia.

Tano, anayetangaza biashara Kenya na kuomba pesa za awali kwa simu athibitishwe usajili wake kabla tangazo halijapanda, na kuwe na mtu, namaanisha binadamu, hapa Nairobi, wa kupokea malalamiko na kuyajibu kwa siku zinazohesabika. Fomu niliyojaza mtandaoni ilinijibu kwa sekunde nne kunishukuru kwa maoni yangu. Tangazo lile lilikaa wiki tatu zaidi.

Mama wa Mwingi alinipigia mwezi uliopita. Amemaliza sare za shule ya pili, anataka mkanda wa mota na sindano za namba 14. Nilimuuliza namba yangu ameipata wapi safari hii. Akaniambia ameiandika kwa kalamu ya wino upande wa ndani wa droo ya mashine, kwa sababu simu, anasema, haiaminiki tena.

Nakala ya barua ya kwanza, yenye muhuri wenu, nimeibandika dukani kando ya picha ya baba. Jibu lenu likija nitalibandika hapo hapo, liwe la aina yoyote. Tunafungua saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi.

Wenu mwaminifu,
Fundi na muuza spea za cherehani,
River Road, Nairobi.